Mustari uliopotea ku emprimeri

Leo tutazungumza juu ya herufi. Tunajua wengi watashangaa. Sendika iko na mambo ya mishahara, ya kontra za wale wa sous-traitance, ya mavumbi mu mapafu, na sisi tunakuja na hadithi ya herufi za ordinatere? Musikie kwanza kitu chenye kilitupata, kisha mutahukumu.

Tulikuwa tumetengeneza karatasi ya usalama kwa wandugu wenye kutumika chini ya udongo. Ukurasa moja, pande mbili, rangi kamili, Kiswahili ya huku kwetu yenye kila mutu anasikia. Katikati kulikuwa kisanduku cha mistari tatu. Ya kwanza ilisema: kisha kulipua baruti, ngojea moshi yote itoke. Ya pili: halafu rudi fasi ya kazi. Ya tatu: lakini paka kama kapita amekwisha kucheki na kutoa ruhusa.

Kwenye ordinatere ya biro yetu, kila kitu kilikuwa fasi yake. Tuliiweka mu kle ya USB, tukaipeleka kwenye emprimeri moja hapa mu commune Lubumbashi. Jina yake hatutasema, sababu kosa haikuwa yao peke yao. Walituonyesha ku ekran, haraka haraka, courant ilikuwa inakata-kata. Tukasema ndiyo. Tukasaini.

Siku yenye tulifungua kopi, kapita moja wa zamani, mwenye alitumika myaka mingi chini ya udongo, alivaa miwani yake akasoma kwa sauti. Akasimama. Akasoma tena. Kisha akatuuliza pole pole: « Bana bangu, hii karatasi inaniambia nirudi ku kazi. Ruhusa ya kapita iko wapi? »

Ilikuwa haiko. Mustari wa tatu ulikuwa umepotea. Na si hiyo tu. Mbele ya kila shauri tulikuwa tumeweka alama: ya ndiyo mbele ya mambo ya kufanya, musalaba mbele ya mambo ya kukataza. Kwenye kopi hakukuwa alama wala musalaba. Kulikuwa herufi ya u yenye nukta mbili juu, na herufi ya u yenye kofia. « Ü vaa kaske. » « Û kuvuta sigara karibu na baruti. » Mutu mwenye kusoma ile ya pili ataelewa nini?

Tunashukuru Mungu, zile kopi hazikufika ku mine. Tulizichoma, na falanga ya wanamemba ikaenda nazo. Lakini kila mutumikaji anajua moshi ya baruti iko nini. Mu ile moshi muko gazi ya oxyde ya carbone, yenye haina harufu na haina rangi. Haikuonye. Inakulalisha, basi. Mu hiyo kazi, ule mustari wa tatu njo ulikuwa karatasi yenyewe. Ile mingine ilikuwa mapambo.

Sasa, nani aliufuta? Hakuna mutu. Njo hiyo yenye tunataka kila delege wa sendika aelewe.

Umbo la herufi zenye unachagua mu ordinatere, nyembamba ao nene, zenye mikia ao zisizo na mikia, kwa Kifaransa wanaita police. Wakati tulieleza mu mukutano kama « police njo iliharibu karatasi yetu », mama moja aliuliza juu ya nini hatukulipa ile ya barabarani atuachilie. Tulicheka sana. Ili tusichanganye, tutasema fonti, kama wandugu wa Dar es Salaam wanavyosema.

Unapoandika mu Word ao programu ingine, mara mingi fonti haiingii mu dokima yako. Dokima inabeba maneno yako na jina la fonti, basi. Ni kama bon ya kazi yenye imeandikwa jina la fundi. Bon inafika ku shantie, lakini fundi mwenyewe alibakia nyumbani. Kapita hapendi kusimamisha kazi, anatafuta fundi mwingine mwenye kufanana naye, anamweka fasi yake, na hasemi kitu. Emprimeri ilikuwa haina fonti yetu mu mashini yao. Mashini ikaweka ingine. Ile ingine herufi zake zilikuwa na upana kidogo zaidi. Kidogo tu, unene wa uzi. Lakini mistari tatu ikajaa, ikakuwa ine, na kisanduku chetu kilikuwa kimepimwa kwa tatu. Mustari wa mwisho ukabakia nje, ukafichama. Programu haikupiga kelele.

Na zile alama? Tulizitoa mu fonti yenye kuitwa Wingdings. Wingdings ni fonti ya picha: mishale, mikono, nyota, alama ya ndiyo, musalaba. Lakini ndani yake, nyuma ya kila picha, kumelala herufi ya kawaida. Nyuma ya alama ya ndiyo kuko ü. Nyuma ya musalaba kuko û. Nyuma ya mushale wa kuonyesha kuume kuko à. Fonti ikiwa haiko, picha inavuka, na herufi yenye ilikuwa imelala inaamuka. Musomaji wetu mwenye kuzoea Kifaransa anaona « à » katikati ya Kiswahili, anafikiri ni neno. Tena mushale ulikuwa unamuonyesha njia ya kutokea.

Wengine watasema: leo kila mutu iko na Word, fonti ni zile zile. Hapana. Calibri ilikuja na Office ya 2007, ikakuwa fonti ya kwanza yenye kufunguka mu Word kwa myaka mingi. Sasa Microsoft imeweka Aptos fasi yake. Ukiandika mu Aptos kwenye mashini mupya na kupeleka kwa mutu wa mashini ya zamani, fundi hayuko. Ukifungua dokima mu telefone ili usahihishe neno moja mu taxi-bus, telefone inaweza kukosa hata Calibri. Na mu maemprimeri mengi programu za zamani bado zinatumika: tunajua watu wenye bado wanapanga kurasa mu PageMaker, na toleo la mwisho la PageMaker lilitoka mwaka 2001. Ku upande mwingine, wenye programu mupya za Adobe hawawezi tena kuandika kwa zile fonti za zamani za Type 1, sababu Adobe ilifunga mulango huo mu janvier 2023. Mwenye cha zamani na mwenye kipya wanakutana ku kontware, na karatasi ya mutumikaji iko katikati yao.

Rangi inaongeza shida yake. Ekran inatengeneza rangi kwa mwangaza: nyekundu, kijani, bluu. Mashini ya emprimeri inatengeneza kwa wino ine: bluu ya cyan, pinki kali ya magenta, manjano, na nyeusi. Kijani chenye kuwaka ku ekran kinafika ku karatasi kimechoka. Hiyo inavumilika. Kitu kibaya ni hiki: wino ine zinapigwa moja moja, bamba kwa bamba, na mabamba hayakai sawasawa kabisa. Herufi kubwa inasamehe. Herufi ndogo nyembamba haisamehe. Tulikuwa tumeandika makatazo kwa herufi nyeupe, ndogo, juu ya nyekundu. Nyekundu ile inatoka kwa magenta na manjano pamoja. Bamba moja likasonga kidogo, wino ikaingia mu tumbo la herufi, « e » na « o » zikafanana. Na maandishi yetu nyeusi, bila kujua, tulikuwa tumeyatoa mu rangi ine zote, fasi ya wino nyeusi peke yake. Yakakuwa na kivuli pembeni kama mutu mwenye kuona mbili-mbili. Ku biro unasoma. Mu galeri, na taa ya kichwa, na jasho mu macho, husomi.

Muji wetu si mugeni wa makaratasi. Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha gazeti lake la Mwana Shaba, na Gécamines ikaendelea nalo. Wazazi wetu walilisoma mu makambi. Lilikuwa gazeti la kampuni, na kampuni ilikuwa na mafundi wake wa kulitengeneza. Mu 1965, muji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, wazee wenye walitumika mu nyumba za Wazungu walitoa historia ya muji mu Kiswahili ya hapa, yenye ilikusanywa na André Yav, na ikapigwa kwa mashini ya kuandika na kuzidishwa kwa stensili. Hawakuwa na rangi. Hawakuwa na fonti za kuchagua. Lakini angalia: ku mashini ya kuandika, kidole kikigonga, herufi inakaa pale pale. Chenye ulipiga njo chenye kinatoka. Ukikosea, kosa ni yako na unaliona.

Tena mu wakati wa herufi za risasi, zile herufi zilikuwa mali ya emprimeri. Wewe ulileta mukanda wako wa mukono, fundi alipanga herufi zake moja moja, na kila mutu alijua kama lazima kutoa karatasi ya majaribio na kuisoma mbele ya kupiga kopi. Hakukuwa mwenye kubishana. Leo tunaleta kitu chenye kufanana na kitu chenye kimekwisha. Kinangaa ku ekran, rangi yote, kisanduku yote. Tunasema: basi, piga. Sura ya kumalizika njo inatudanganya. Dokima ya ordinatere bado ni mukanda wa mukono: haijakuwa karatasi mupaka ifike ku karatasi.

Kwa hiyo, sisi wa sendika tumejiwekea sheria, na tunaomba wenzetu wa sendika zingine, na komite za usalama mu makampuni, wazishike pia.

Ya kwanza: tusipeleke tena dokima ya Word ku emprimeri. Tutapeleka PDF yenye fonti zote ndani yake. Fundi aende na bon yake. Kuko kanuni ya kimataifa kwa kazi hii, yenye kuitwa PDF/X-1a, ya mwaka 2001: inalazimisha fonti zote ziwe ndani, na rangi ziwe za wino, si za mwangaza. Uliza emprimeri kama wanaipokea. Na wewe mwenyewe, fungua PDF, tafuta fasi ya sifa za dokima, angalia listi ya fonti: mbele ya kila jina itaandika kama iko ndani. Ikiwa moja haiko, usitoke ku biro.

Ya pili: tuchague fonti zenye ziko na ruhusa. Kuko fonti zenye mwenyewe alizifunga, hataki ziingizwe mu PDF ya mutu mwingine. Programu inatii, na inaweka ingine fasi yake. Lakini kuko fonti za bure zenye ruhusa kamili. Moja inaitwa Andika. Ndiyo, Andika, neno letu la Kiswahili. Shirika la SIL liliitengeneza kwa ajili ya watu wenye kujifunza kusoma: herufi zake hazichanganyi, kila moja iko na sura yake. Fonti yenye jina la kwetu, ya bure, ya kusomeka vizuri. Hatuna sababu ya kulilia zingine. Na tutumie moja, kama ni mingi mbili. Karatasi ya usalama si afishi ya ndoa.

Ya tatu: jambo la uzima lisitundikwe ku alama. Andika kwa maneno: FANYA, USIFANYE. Kama unataka mushale ao musalaba, uweke kama picha, si kama herufi ya kuazima. Na sharti la jambo likae mbele, si mu mustari wa mwisho. « Bila ruhusa ya kapita, usirudi. » Hapo hata kama nusu ya mustari inapotea, ile yenye kubakia haitaua mutu. Hii si habari ya ordinatere tu. Njo namna ya kuandika kwa mutu mwenye hatari.

Ya ine: maandishi kwa wino nyeusi peke yake, juu ya nyeupe ao manjano. Rangi tuiachie mabamba makubwa na picha. Nyeupe juu ya nyekundu, paka kama herufi ni kubwa na nene.

Ya tano, na hii njo kubwa kupita zote: hakuna kusaini bon à tirer bila kushika karatasi ya majaribio mu mukono. Si ekran. Si foto ya WhatsApp. Karatasi. Na mwenye kuisoma asiwe yule mwenye aliiandika, sababu macho yake yanasoma chenye kiko mu kichwa yake. Asome mutumikaji mwenye hajaiona, kwa sauti, na mwingine afuate ku maandishi ya kwanza, mustari kwa mustari, ahesabu hata mistari. Kapita wetu wa zamani alitumia dakika tano. Sisi tulitumia siku ine na hatukuona.

Tunasikia mabishano. Kuko wenye kusema: geuza maandishi yote kuwa picha, shida iishe. Kweli, kuko njia ya kugeuza herufi kuwa michoro, na inasaidia kwa kichwa cha afishi. Lakini kisha pale huwezi tena kusahihisha neno hata moja. Uchunge ile ya kwanza pembeni. Na ukigeuza yote kuwa foto ya nguvu ndogo, herufi zitatoka na manyoya. Wengine wanasema: piga nyeusi na nyeupe, ni bei ndogo. Mara mingi wako na haki, na tutafanya hivyo kwa mikanda ya kawaida. Lakini ku usalama, rangi inasema mbele ya neno: nyekundu ni katazo, manjano ni angalia, bluu ni lazima, kijani ni njia ya kuokoka. Mutu mwenye kusoma kwa shida anashika rangi kwanza. Hatutamunyima.

Na kwa wenye maemprimeri tunasema neno moja, bila hasira. Mashini yenu inapofungua dokima na kukosa fonti, mara mingi inawaambia. Kunatokea dirisha dogo yenye kutaja jina ya fonti yenye haiko. Musilifunge kimya kimya juu ya foleni ya wateja. Mutuite. Tutangojea. Ile dakika yenu moja inaweza kuwa pumuzi ya mutu kule chini.

Kwa makampuni pia tunasema. Code du travail ya 2002 inataka kuwe komite ya usalama na usafi fasi ya kazi. Karatasi na afishi za usalama zenye munabandika, mara mingi zinaandikwa kwa Kifaransa, ao Kiingereza, ao Kichina, kisha mutu anaongeza Kiswahili pembeni, na hakuna mwenye kujua Kiswahili anaangalia kama ilitoka nzima ku mashini. Tunaomba hivi: hakuna afishi ibandikwe mbele delege wa watumikaji hajaisoma ku karatasi na kutia sahihi yake. Haina bei. Haingojei sheria mupya.

Tangu zamani tunafundisha wanamemba: usisaini kontra bila kuisoma. Tulisema hivyo mu mikutano, mu Kamalondo, mu Katuba, mu Ruashi, na mukono juu. Kisha sisi wenyewe tukasaini karatasi yetu bila kuisoma, sababu ilikuwa muzuri ku ekran. Tunaungama mbele yenu.

Karatasi mupya imekwisha kutoka. Rangi zake si kali kama zile za kwanza. Tulimupelekea kapita wetu kopi ya majaribio ku nyumba yake, akaisoma karibu na mulango, kwa mwangaza wa jioni. Alifika ku kisanduku cha katikati, akaweka kidole juu ya kila mustari. « Moja. Mbili. Tatu. » Akatoa kalamu mu mufuko, akasaini. Kwa hiyo sahihi njo tulipiga kopi.